Bwana Harusi wa Getini

Wanangu mnaovaa fulana za kijani zenye maandishi mgongoni, marahaba, hata kabla hamjaniamkia. Mimi ni Bi Zuhura wa Mtopanga. Nimefanya kazi ya miche na bustani tangu nina kiuno cha kuinama mpaka kiuno chenyewe kiliponiambia basi. Miaka yangu ya mwisho niliimaliza hapo hapo mlipo nyinyi sasa, kwenye yale majumba ya Bamburi yaliyojengwa karibu na machimbo ya zamani. Juzi mmoja wenu alinipigia simu. Aliniuliza kwa adabu, Mungu ambariki, kama ule mti wa getini unaobaki mifupa mitupu kila kaskazi ikikaza una faida yoyote, au waung'oe waweke kitu cha maana. Nilimwambia jibu lake ni refu kuliko salio la simu yake. Basi nimeamua kuandika. Mstaafu ana kazi gani nyingine zaidi ya kuwachosha walio na kazi?

Nitaanza mbali kidogo, mnivumilie.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa mzee mmoja wa Kidigo akiitwa Mzee Mwachiro. Kitalu chake kilikuwa kando ya barabara, miche kwenye makopo ya mafuta ya kupikia na ndoo zilizotoboka, maana hizo ndizo zilikuwa vyungu vyetu. Mzee Mwachiro hakumwagilia mche maji asiyoyaonja. Visima vya pwani hii mnavijua: kimoja kitamu, cha jirani yake chumvi tupu. "Mti hauna mdomo wa kutema," alikuwa akisema, kisha anateka kwa kiganja, anasukutua, anafumba macho, anakwambia kisima cha nani. Tulimwogopa kwa ujuzi huo. Siku moja alionja pipa ambalo mwenzetu alikuwa amelowekea mavi ya kuku. Alimeza. Akapangusa mdomo. Akasema, "Haya si ya chumvi." Hatukumwona tena kazini mpaka wiki ilipokwisha. Kwa hiyo onjeni maji, wanangu, lakini ulizeni kwanza.

Jambo la pili alilonifundisha ni ukucha. Ukitaka kujua mti umekufa au umelala, usihangaike na majani. Kwangua gome kidogo kwa ukucha. Ukikuta ubichi chini yake, kaa kitako usubiri. Ukikuta rangi ya kuni, basi ni kuni. Najua nyinyi mna kifaa cha kuchomeka udongoni kinachowaka taa. Ni kizuri sana, nimekiona. Ila betri zikiisha, ukucha mnao.

Mengine nilifundishwa na wateja, na hao ndio walimu wakali. Zamani mteja alikuja akasema, "Bi Zuhura, nataka kivuli," ukampa mkungu au mkilifi, mkaagana. Siku hizi anakuja na simu. Anakuonyesha picha ya bustani ya nchi ambayo watu wake wamevaa makoti, anakwambia, "Nataka hii." Yuko bibi mmoja alinijia akitaka mti usiopukutisha majani, usiotoa mizizi, usiovutia ndege na usiohitaji maji. Nilimwambia, "Mama, unachotaka ni nguzo ya stima." Aliudhika, akaenda kwa jirani yangu, akauziwa miti ya ashoki. Na ashoki zenyewe mnazijua, zimesimama kwenye kila geti la Kisauni kama askari wanaosubiri mshahara.

Sasa twende kwenye mti wenu.

Mwenye majumba hayo wakati huo alikuwa Bwana Twaha, mtu wa ukoo wa zamani wa wafanyabiashara, watu waliokuwa na mashamba ya minazi upande huu kabla simiti haijawa kazi ya watu. Alikuwa mtu mpole, na mtu mpole mwenye mali ndiye wa kuogopwa, maana hakuna anayemkatalia neno. Alipokuwa ng'ambo aliuona mti fulani kando ya barabara, akaupenda kwa mara moja, kama wengine wanavyopendea mke. Aliporudi hakuwa na lingine. Katikati ya ule mzunguko wa magari getini pasimame mti huo, na mwingine wowote asisikie.

Mti wenyewe unaitwa elm. Sisi tuliuita mwelmu. Waliouleta walituambia ni aina mpya kabisa, iliyozalishwa kwa ajili ya bustani na kando za barabara. Wazee wake kule ng'ambo walipigwa na maradhi wakafa kwa wingi, huyu akatengenezwa asipatwe nayo. Matawi yanapanda juu kisha yanainama kwa pembeni kwa adabu. Majani madogo, yanang'aa. Gome linabambuka vipande vipande, na chini yake pana rangi ya machungwa na kijivu. Mizizi haipasui lami. Kila sifa waliyoitaja ilikuwa ya kweli, nitaapa hata mahakamani. Walisahau tu kusema kwamba ukivua nguo unavua zote.

Uliletwa kutoka bara kwa lori, umefungwa magunia mabichi, na nyuma yake gari dogo la kuulinda. Kuchimba shimo ndiko kulikotutoa roho. Mnajua udongo wa hapo: shibiri moja ya mchanga, kisha mwamba wa matumbawe. Tulipiga mtaimbo mpaka viganja vikaota malengelenge juu ya malengelenge. Hapa shikeni neno moja: kwenye mwamba chimba shimo pana kuliko refu, kisha lijaze maji uangalie kama yanakwenda. Yasipokwenda umechimba kaburi la mti. Yetu yalikwenda. Tukajaza udongo mwekundu na samadi ya mbuzi, tukafunika kwa makumbi ya nazi, tukaukaza kwa kamba pande tatu ili kusi isije ikaulaza.

Kisha ukawekwa kama mkwe. Ulizungushiwa mnyororo. Ulipewa kibao cha shaba chenye jina lake. Mabawabu waliambiwa mtu asiuegemee. Uliletewa maji matamu kwa bauza, lile lori la tangi, na sisi tuliouchimbia tulikunywa ya bomba yenye chumvi. Kijana mmoja wa kibarua aitwaye Karisa aliutazama siku hiyo, akajipangusa jasho, akasema, "Huyu ni bwana harusi. Hakosi kupepewa huyu." Jina likashika. Tangu hapo hakuna mfanyakazi aliyeuita mwelmu. Tuliulizana tu asubuhi: "Bwana Harusi amekunywa?"

Huyo Karisa mshikeni, maana bila yeye hakuna hadithi.

Alikuwa Mgiriama, mtu wa kanisani, mchapa kazi, mcheshi kupita kiasi. Alikaa kwangu Mtopanga, yaani si ndani kwangu, bali chumba cha kupanga njia ya pili kutoka kwangu, yeye na mkewe Sidi na mama yake mzazi, ambaye watoto wote wa mtaa walimwita Hawe, yaani nyanya. Ucheshi wake ulikuwa na shimo katikati. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, kitovu chake kilizikwa huko kwao chini ya mkorosho, kama desturi inavyotaka. Ami yake Karisa akaukata mkorosho ule akachoma makaa. Haukupita muda mtoto akashikwa na homa, akafa. Hospitali walisema malaria. Hawe alisema mkorosho.

Mimi ni Mwislamu, siamini kwamba roho ya mtoto inakaa kwenye shina la mti. Lakini nilikaa mkekani na Sidi siku ya msiba, nikaona anavyotazama mlango kama mtu anayengoja mtoto arudi kutoka chooni, na tangu siku ile sijamcheka mtu yeyote kwa habari ya kitovu. Liliniuma, na linaniuma mpaka leo.

Sidi akajaaliwa tena, mtoto wa kike, wakamwita Dama. Kitovu kilipodondoka, swali likawa moja: kizikwe wapi? Shamba la kwao lilikuwa na kesi na ami yule yule wa makaa. Uani kwa mwenye nyumba Mtopanga ni simiti kutoka ukuta hadi ukuta, na mti wake wa pekee ni antena. Karisa akafikiri. Na hapa ndipo alipofanya kosa ambalo mtu anayezijua tabia za mti ule asingelifanya. Alijiuliza: katika pwani nzima hii, ni mti gani ambao hakuna mtu atakayethubutu kuukata?

Mnazi? Minazi tuliikata wenyewe kupisha nyumba. Mwembe? Mwembe hauna mtetezi siku hizi. Lakini Bwana Harusi ana mnyororo, ana kibao, ana bauza, ana askari! Siku moja wenzake walipokwenda kula, Karisa akavuka mnyororo na kijembe kidogo.

Mimi niliona udongo umetibuliwa upande wa bahari, nikadhani ni paka. Nikamwita Karisa nimkemee kwa kutofunika vizuri makumbi. Akasimama, akatazama viatu vyake.

"Mama Zuhura, si paka."

"Ni nini basi?"

"Ni Dama."

Ilinichukua muda kuelewa. Nilipoelewa nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Nilimuuliza tu, "Na mama yako anajua umechagua mti gani?"

"Nimemwambia mti wa tajiri," akasema. "Amefurahi sana. Amesema mtoto atakula vizuri."

Hawe akawa anatuma salamu kwa mti. Ndiyo, msicheke. Kila asubuhi alimuuliza Karisa mti umeamkaje kabla hajauliza habari za mtu yeyote, na Karisa alimjibu umeamka salama. Mtoto alinenepa. Mti ulichanua matawi. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake.

Kisha kaskazi ikaingia, jua likakaa juu ya vichwa, na Bwana Harusi akaanza kuvua. Kwanza majani machache ya manjano juu ya makumbi. Nikayafagia. Kesho yake mengi. Wiki ile haikwisha, mti ulikuwa uchi kabisa, pale getini, mbele za watu, umesimama na kibao chake cha shaba.

Nilikwangua kwa ukucha. Ubichi, mbichi kama mchicha. Meneja wetu, Bwana Kimani, kijana wa Nairobi aliyesomea mambo haya, hakuhitaji hata ukucha. Alisema, "Mama, hii mti iko hai kabisa. Huko kwao inalala wakati wa baridi. Huku imekosa baridi, imeamua kulala wakati wa joto. Haina makosa." Alisema kweli, nami nilimkubali. Shida haikuwa mti. Shida ilikuwa kwamba majumba yalikuwa yanafunguliwa rasmi mwezi ule ule, wanunuzi wanakuja kutoka kila upande, na jambo la kwanza watakaloliona wakishuka garini ni fagio lililochomekwa ardhini kichwa chini.

Kimani alimweleza Bwana Twaha habari ya usingizi. Bwana Twaha alimsikiliza kwa upole, akasema kwa upole vilevile, "Basi akalale kwingine." Amri ikatoka: mti ung'olewe, uwekwe mnazi mrefu wa kununua, ule unaokuja na mizizi yake ndani ya gunia. Yaani, wanangu, tulikata minazi kupisha nyumba, tukapanda mti wa kigeni, sasa tuung'oe tuweke mnazi wa dukani. Nilitaka kucheka, ila nilimwona Karisa.

Alikuwa amekaa juu ya wilbaro iliyopinduliwa, mikono baina ya magoti. Hakunitazama. Alisema, "Nitamwambia nini Sidi?" Hakusema mama yake. Alisema Sidi.

Tulijaribu yote. Niliwaza tuuhamishe mti mzima na udongo wake, na wakati mti umelala ndio wakati mzuri wa kuuhamisha, hilo pia mlijue. Lakini tulipopekua kwa mikono tulikuta mizizi imeshaingia kwenye nyufa za mwamba. Kuuvuta ni kuukata miguu. Na hata ungetoka mzima, ungekwenda wapi? Tuliulizana kibarua mmoja mmoja nani ana kiwanja. Watu tuliokuwa tumepanda bustani nusu ya Bamburi, hakuna hata mmoja aliyekuwa na mahali pa kupanda mti mmoja. Uani kwangu pana tangi, choo na kamba ya nguo. Tulicheka, lakini kile si kicheko cha furaha.

Tingatinga likaja asubuhi. Tulipofika tulimkuta Hawe ametangulia. Sijui nani alimwambia. Karisa aliapa si yeye. Alikuwa amekaa kwenye ndoo, ndani ya mnyororo, mgongo kwenye shina, pale pale pasiporuhusiwa kuegemea. Dama alikuwa amefungwa kwa leso mgongoni mwa Sidi aliyesimama kando. Hawe hakupiga kelele wala hakulia. Alikuwa anachambua mchicha kwenye ungo, kama mtu aliye uani kwake.

Bawabu alimwambia, "Bibi, ondoka hapo, mashine inataka kupita."

"Naipite," akasema Hawe. "Njia ni pana."

Dereva wa tingatinga, mtu wa Changamwe, aliuliza kuna nini, akaambiwa kuna kitovu. Akazima injini. Akashuka akasema anakwenda kutafuta chai, na hiyo chai alikwenda kuitafuta mbali sana. Kimani alikuwa anatembea huku na huku na simu sikioni. "Bosi, siwezi kueleza. Wewe kuja tu. Hapana, si mgomo. Ni nyanya mmoja tu, na mboga."

Bwana Twaha alifika akiwa na mama yake garini, maana alikuwa anampeleka kwa daktari wa magoti. Sisi tulimwita Bi Mkubwa. Alikuwa haji pale tangu ujenzi uanze, na wengi wetu tulikuwa hatujamwona. Bwana Twaha alishuka, akamwacha ndani kwenye ubaridi wa gari. Aliniendea mimi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bi Zuhura, jambo gani hili?"

Nikamweleza lote. Mtoto wa kwanza, mkorosho, makaa, Dama. Sikuongeza chumvi, pale pana ya kutosha. Alinisikiliza akifuta miwani. Kisha akasema, "Poleni sana. Lakini mimi nina wageni. Tutawapa mti mwingine mzuri, popote watakapo."

"Wapi, bwana?" nikamuuliza. "Hawana popote."

Dirisha la gari likateremka. Mkono mkongwe wenye hina ukatoka ukagonga mlango.

"Twaha! Watu hawa wasimama wangojani?"

"Hapana kitu, mama. Ni mambo ya mti."

"Ndoo hapa, mwanangu, unifungulie mlango."

Akashuka na mkongojo wake, taratibu, kila goti likitoa malalamiko yake. Alimwendea Hawe moja kwa moja. Wazee wawili wale wakasalimiana kwa kirefu, habari za kuamka, za watoto, za magoti, mpaka za kitovu, huku sisi sote na tingatinga letu tumesimama juani. Kisha Bi Mkubwa akasema, "Nimesikia kuna mtu hapa chini."

"Mjukuu wangu," akasema Hawe, akaonyesha mgongoni kwa Sidi. "Yule."

Bi Mkubwa akamtazama Dama, akamshika kidole cha mguu, akamwombea. Halafu akamgeukia mwanawe.

"Changu wajua ki wapi?"

"Nini, mama?"

"Kitovu changu. Wajua kilizikwa wapi?"

Bwana Twaha akasema hajui.

Yule mama akanyoosha mkongojo wake, si kuelekea mjini wala Kisauni. Aliunyoosha ndani ya geti, kupita maua niliyopanda mimi mwenyewe, hadi kwenye lile bwawa la kuogelea lenye vigae vya buluu. "Pale mlipotia maji. Palikuwa na mnazi. Babangu mimi aliupanda siku nilipozaliwa."

Bwana Twaha aliitazama ile buluu kama mtu anayeiona mara ya kwanza. Akasema, "Mama, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulikuja na ramani, ukaitandika kitandani pangu. Ukanambia hapa jiko, hapa magari, hapa watu wataoga. Hukuniuliza hapa pana nani."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyotaja bei ya kitu sokoni. Kisha akaomba arudishwe garini kwa sababu jua kali, na daktari hangoji mtu.

Wanangu, ningependa kuwaambia kwamba Bwana Twaha alilia, akafukia bwawa, akapanda mnazi. Bwawa liko hapo, nanyi mnalisafisha kila Jumatatu. Alichofanya ni kumwambia Kimani, "Rudisheni hiyo mashine." Mimi akaniuliza, "Majani yatarudi lini?" Nikamwambia mvua za masika zikinyesha, inshallah. Akasema, "Na mpaka hapo?" Hapo Kimani, naye Mungu ambariki, akasema, "Tufunge taa."

Tukafunga taa. Karisa alipanda ngazi akazungusha taa ndogondogo kwenye kila tawi, kwa uangalifu wa mtu anayemvisha mtoto. Siku ya ufunguzi jua lilipotua tukaziwasha. Wageni hawakuangalia nyumba. Walijipanga kupiga picha chini ya fagio letu. Bibi mmoja alimuuliza Kimani mti huo mzuri unapatikana wapi, na kama unaweza kununuliwa ukiwa hivyo hivyo bila majani. Masika ikanyesha, Bwana Harusi akavaa upya. Tangu mwaka ule wauzaji wa nyumba wanawaambia wateja kwamba huo ndio mti wa pekee Mombasa wenye majira. Walichotaka kuung'olea ndicho wanachouzia.

Sasa ya leo. Mimi nilistaafu, nikapewa saa ya ukutani na chupa ya chai. Bwana Twaha aliyauza majumba kwa watu wengine. Kimani alirudi Nairobi. Kampuni yenu ikaletwa, na vibarua wa zamani wakaambiwa kwaheri, Karisa miongoni mwao. Yuko Mikindani sasa, anafyatua matofali. Bi Mkubwa ametangulia mbele ya haki. Ukihesabu walioujua ukweli wa mti ule na bado wana sauti ya kumfikia mtu wa hapo, nimebaki mimi. Ndiyo maana simu ya kijana wenu ilinitoa jasho.

Kaskazi iliyopita nilimsindikiza Hawe, macho yake hayaoni vizuri tena, na Dama, ambaye sasa anasoma na ameng'oka meno mawili ya mbele. Walitaka kuuona mti. Getini tulimkuta bawabu mgeni, kijana msafi, na ile mashine ya kuwekea kidole. Akatuuliza tunakwenda kwa nani. Mimi, mwenye maneno yangu yote haya, nilikosa jina la kutaja. Ndipo Dama akajibu.

"Kwangu."

Bawabu akacheka. "Kwako nyumba gani, mwanangu?"

Dama akaunyooshea kidole mti, uliokuwa umeanza kuvua. Bawabu akacheka zaidi, akatuambia turudi na nambari ya nyumba. Hawe aliniuliza njiani, "Ulikuwa na majani?" Nikamwambia ulikuwa unajiandaa kulala. Akasema alhamdulillahi, yeye Mkristo, kwa kuwa amekaa na mimi siku nyingi.

Basi jibu la simu yenu ni hili. Msiung'oe. Ukivua, kwangueni kwa ukucha, mtaona ubichi. Msirundike udongo shinani, na upande wa bahari msichimbe kabisa, hata kama mwataka kupanda maua. Na kaskazi ijayo, akija msichana wa mapengo ameshikana mkono na nyanya yake, bawabu akamuuliza anakwenda kwa nani, naye akasema kwangu, semeni na huyo bawabu. Mwambieni hadanganyi. Afungue geti.